Kila Kipaji na Deni Lake

Kamati ya harusi huchagua viongozi wake kwa muda usiotosha kumaliza soda moja. Mtu mwenye gari lililoegeshwa nje anapendekezwa kuwa mwenyekiti. Anakataa kidogo kwa adabu, anapigiwa makofi, anakubali. Msichana aliyekuja na kalamu anakuwa katibu kwa sababu ya kalamu hiyo. Mweka hazina anatafutwa miongoni mwa mashangazi, kwa imani kwamba shangazi hawezi kula michango ya mtoto wa kaka yake. Mzungumzaji hodari anakabidhiwa ukumbi, chakula na muziki kwa mkupuo. Yule aliyekaa kimya karibu na mlango anaandikwa "mjumbe", basi.

Wiki chache baadaye mambo huanza kujionyesha. Mwenyekiti hapatikani, na akipatikana ana haraka. Katibu ana mwandiko safi, ila anaona haya kumwuliza mtu mzima ahadi yake imefikia wapi. Mzungumzaji ameshaongea na kumbi tatu na hajalipia hata moja. Mjumbe wa karibu na mlango, ambaye hakuna aliyemwuliza chochote, ndiye anayegundua kwamba hesabu ya sahani imewasahau wanakwaya na madereva. Harusi itafanyika, maana harusi zetu hazishindikani. Lakini itabebwa na migongo ya watu wawili watatu, na hao ndio watakaoapa kwamba hawatakaa tena kwenye kamati ya mtu.

Tumezoea kuyaeleza haya kwa tabia: fulani mvivu, fulani ana maneno mengi, fulani hajitumi. Maelezo hayo yanatuliza moyo kwa sababu yanamtafuta mwenye kosa na kumpata. Mimi naona tatizo lilikwisha kuzaliwa siku ile ya soda. Tuligawa viti kwa kutazama vinavyoonekana, yaani umri, fedha, sauti na jinsia, wakati kinachoamua mtu atafaa wapi kwenye kundi kimejificha. Kimejificha kwetu, na mara nyingi kimejificha hata kwake mwenyewe.

Kuna mtu aliyelifanyia jambo hili kazi ya miaka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea hadi miaka ya 1970, mtafiti Mwingereza Meredith Belbin alifuatilia mameneja waliokuja kusoma katika chuo cha Henley, kando ya Mto Thames. Sehemu ya masomo yao ilikuwa mchezo wa biashara: wanagawanywa katika timu, kila timu inaendesha kampuni ya kubuni, na mwisho fedha zinahesabiwa kuona nani kashinda. Belbin na wenzake waliwapima washiriki akili na hulka kabla ya mchezo, kisha wakapanga timu kwa makusudi. Timu mojawapo waliijaza watu waliopata alama za juu kabisa za akili, wakaiita Apollo. Kila mtu alitarajia ishinde. Timu za aina hiyo zilishindwa mara nyingi, na haikuwa ajabu zikimaliza karibu na mkia.

Sababu haikuwa ya kutafuta mbali. Werevu wale walitumia muda wao kubishana. Kila mmoja aliona tundu katika hoja ya mwenzake, na hakuna aliyekubali kuwa hoja yake ndiyo yenye tundu. Kazi ndogo za lazima zilikosa mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyejiona ameletwa pale kufanya kazi ndogo. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba akili nyingi huondoa maarifa, na kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Belbin alichoongeza ni kutazama kwa makini ni nini kilichokosekana ndani ya chombo kile kilichojaa manahodha.

Katika kitabu alichokitoa mwaka 1981 alieleza aina nane za michango ambayo kundi huihitaji, na baadaye akaongeza ya tisa, ya mtaalamu wa fani. Yupo mwenye kuzua mawazo. Yupo anayetoka nje kutafuta watu na fursa. Yupo mratibu, yupo msukumaji, yupo mpimaji wa hoja, yupo anayewaweka watu pamoja, yupo mtekelezaji, na yupo mmaliziaji asiyelala mpaka kazi ikamilike. Orodha kama hii inaweza kuchosha, na wanasaikolojia wengine wamehoji kama dodoso alilotunga kumwonyesha mtu mchango wake lilipima kweli kile alichodai kupima. Hata hivyo ndani yake limo wazo moja ambalo kwangu linazidi thamani ya orodha nzima. Belbin alisema kila mchango una udhaifu wake unaoandamana nao, udhaifu ambao kundi linapaswa kuuvumilia kwa sababu ndiyo bei ya kile linachokipata.

Mimi napenda kuuita udhaifu huo deni. Kila kipaji huingia kikaoni na deni lake mfukoni, na mwenye kipaji hawezi kulilipa peke yake.

Mtazame mwenye mawazo. Wenzake wamekwama, yeye anatazama dari, kisha anasema jambo ambalo hakuna aliyeliwaza, na mlango unafunguka. Mtu huyo huyo atasahau kuleta risiti, atapoteza karatasi ya mahudhurio, na wiki ijayo atakuja na wazo jingine kabla lile la kwanza halijaota mizizi. Msukumaji naye ndiye anayekiokoa kikao kisichofika mwisho. "Jamani, tuamue!" anasema, na kweli watu wanaamua. Lakini nyuma yake huacha watu wawili wenye kinyongo, kwa kuwa aliwakata kauli. Mtafuta fursa anajua mtu bandarini, anajua mtu halmashauri, anajua mtu kila mahali. Moto wake huwa mkali siku ya kwanza na majivu siku ya kumi. Mmaliziaji ndiye anayehesabu viti mara ya pili na kupiga simu ya mwisho usiku, ila hamwachii mtu mwingine kazi, kisha analalamika kwamba anaachiwa kazi zote.

Anayenigusa zaidi ni mpatanishi. Huyu hupendwa na wote. Anaona uso uliobadilika kabla mwenye uso hajasema neno. Anajua nani hajala, nani ana msiba, nani amesemwa vibaya kwenye kikao kilichopita. Kundi lisilo na mtu huyu huvunjika kwa mambo madogo. Mpe sasa kazi ya kuchagua kati ya wazabuni wawili ambao wote ni jamaa za wajumbe. Atazunguka, atasema wote wazuri, ataomba kikao kingine. Anayemwambia awe mkali hajamwelewa. Sikio linalosikia maumivu ya kila mtu ndilo linalomzuia kumuumiza mtu, na ukiliziba ili apate kuamua, umempoteza mpatanishi na hujapata mwamuzi.

Ndiyo maana nina shaka na mahubiri ya kujirekebisha tunayopewa kwenye semina, kwamba kila mtu aorodheshe udhaifu wake na kuufuta mmoja baada ya mwingine. Udhaifu wa aina hii haufutiki bila kufuta na kilicho upande wake wa pili. Unachoweza kufanya ni kuutambua, kuutaja mapema, na kukaa karibu na mtu ambaye kipaji chake kinaanzia pale chako kinapoishia. Mwenye mawazo na amtafute mtekelezaji. Msukumaji na akae na mpatanishi, wala asimwone mtu laini. Mtafuta fursa na amkabidhi mmaliziaji majina na namba kabla moto haujazimika.

Hata hivyo, si kila kasoro ni deni la kipaji. Kuchelewa kikao si upande wa pili wa kitu chochote. Kula fedha za kikundi si gharama ya ubunifu. Kuna watu wamejifunza kuwatukana wenzao na kumalizia kwa "mimi ndivyo nilivyo, nasema ukweli", kana kwamba ukali wenyewe ni ushahidi wa ukweli. Kipimo changu ni rahisi: ukiondoa kasoro hiyo, je, kuna kitu chema kitaondoka nayo? Kama hakuna, basi hiyo ni tabia mbaya tu, na haistahili kuvumiliwa na mtu.

Ugumu unabaki palepale: mtu atajuaje deni lake? Nyani haoni kundule, na kujichunguza peke yako chumbani hakusaidii sana, kwa kuwa anayechunguza ndiye anayechunguzwa. Angalia linalotokea kwenye usaili wa kazi mtu akiulizwa udhaifu wake. Atasema anapenda mno kazi, au anataka kila kitu kiwe kamili, au hawezi kupumzika mpaka amalize. Anayeuliza anajua ni uongo, anayejibu anajua kwamba mwenzake anajua, na wote wawili wanaendelea na swali linalofuata. Tumelelewa kuuficha udhaifu kama tunavyoficha ugonjwa, tukidhani ukijulikana tutanyimwa nafasi. Matokeo yake tunapewa nafasi zisizotufaa, na udhaifu unajulikana hata hivyo, tena kwa njia ya aibu.

Mwaka 1955 Wamarekani wawili, Joseph Luft na Harrington Ingham, walichora mraba wenye vyumba vinne, wakaupa jina la Johari kwa kuunganisha majina yao, Joe na Harry. Chumba cha kwanza kina mambo yangu ninayoyajua nami na wenzangu wanayajua. Cha pili kina ninayoyajua peke yangu. Cha tatu kina wanayoyajua wao na mimi siyajui. Cha nne kina yale ambayo hakuna anayeyajua bado. Kwa habari ya makundi, chumba cha tatu ndicho chenye mali. Wenzako wameshakujua tangu kikao cha pili. Wanajua utasema nini kabla hujasema. Wanajua kazi gani ukipewa itafika na ipi itakufa. Belbin naye aliona kwamba majibu ya mtu kuhusu nafsi yake hayatoshi, akawa anachukua na maoni ya wanaofanya naye kazi.

Mimi ni mtu wa kupima hoja. Nikiletewa mkataba, naona kifungu kilichojificha. Nikiletewa bajeti, naona safu ambayo haijajumlishwa. Kwa miaka niliamini huo ni mchango usio na gharama. Aliyenifungulia chumba cha tatu ni mdogo wangu kazini, binti mwenye mawazo mengi kuliko sisi wote. Aliniambia kwa heshima, tukinywa chai: "Shikamoo yako naitoa kwa moyo, kaka, lakini ukianza kuuliza maswali, mimi huacha kuwaza." Hakuniomba niache kuuliza. Aliniomba nichelewe. Tangu hapo, wazo jipya likiletwa mezani, naandika maswali yangu kwenye daftari na kuyatoa baada ya wenzangu kulizungusha wazo hilo kwanza. Mpimaji bado yupo na daftari lake limejaa, ila sasa anajua saa yake.

Nikitafuta mahali ambapo elimu hii imejengwa ndani ya kazi yenyewe, siendi Henley. Naenda kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Mbinu ya vikundi vinavyotunza akiba kwenye sanduku lao wenyewe ilianza kusambazwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, miongoni mwa wanawake wa vijijini, na leo imeenea katika nchi nyingi za Afrika. Kwetu Tanzania watu huvijumlisha vikundi vya namna hii kwa jina la vikoba, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi vya kijamii kama daraja la nne la watoa huduma hizo. Lakini mimi kinachonivutia ni sanduku lenyewe.

Sanduku lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa wanachama watatu tofauti, ambao si viongozi. Sanduku linalala kwa mtu mwingine, ambaye hana ufunguo hata mmoja. Siku ya kikao wanachama wanakaa kwa mpangilio wa namba zao. Mwenyekiti anafungua kikao na kusimamia utaratibu, lakini hashiki fedha. Katibu anaandika, lakini hahesabu. Wapo wahesabu fedha wawili, wanahesabu kwa sauti mbele ya watu wote. Mwanachama akinunua hisa, daftari lake linapigwa muhuri mbele ya macho yake. Mwisho wa kikao salio linatangazwa na wanachama wanalikariri, ili kikao kijacho kianze kwa kulisema tena kabla sanduku halijafunguliwa.

Hebu tazama hekima iliyomo. Utaratibu ule hauanzi na dhana kwamba wanachama ni malaika. Unaanza na dhana kwamba kila mmoja ni mtu wa kawaida: mwenye nyumba salama anaweza asijue kuandika, anayejua kuandika anaweza kushawishika, mwenye heshima ya kutuliza ugomvi anaweza kuwa mzito wa hesabu, mwepesi wa hesabu anaweza kukosa subira ya kuwasikiliza watu. Kwa hiyo kila mmoja anapewa kile anachokiweza, na kile asichokiweza kinawekwa mikononi mwa jirani yake. Mama asiyejua kusoma anaweza kuwa mtunza ufunguo bora kuliko mwalimu mkuu, na bila yeye sanduku halifunguki. Hakuna anayeweza kuiba peke yake, na hakuna anayelazimika kuwa kamili peke yake.

Tofauti na kamati ya harusi ni kwamba kikundi kizuri hujiuliza, kabla ya uchaguzi, kila kiti kinataka mtu wa namna gani. Mwenyekiti awe mtulivu anayesikilizwa. Katibu awe msafi wa maandishi. Mtunza sanduku awe na nyumba yenye usalama na jina lisilo na doa. Mzunguko ukiisha, baada ya mwaka au karibu na hapo, wanagawana walichovuna na kuchagua upya. Mtu aliyekaa kwenye kiti kisichomfaa hupumzishwa bila fedheha, na kiti chenyewe hakigeuki kuwa mali ya ukoo.

Kwenye siasa zetu nako kuna mfano wa kutafakari. Tarehe 22 Januari 1962, wiki chache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili aende kukiimarisha chama cha TANU. Kiti kikachukuliwa na Rashidi Kawawa, mtu aliyepitia uongozi wa vyama vya wafanyakazi na ambaye kabla ya hapo watu walimwona kwenye filamu, akiigiza katika Muhogo Mchungu. Mwezi Desemba mwaka huo nchi ikawa jamhuri, Nyerere akarudi akiwa Rais, na Kawawa akawa Makamu wake bila vurugu. Ni nchi ngapi mpya ambapo mtu alikabidhiwa kiti kikubwa namna hiyo kisha akakirudisha? Kawawa alijua nguvu zake ziko kwenye kushika mambo yaende. Aliendelea kushika nafasi ya pili kwa vyeo mbalimbali, na akawa Waziri Mkuu tena kuanzia mwaka 1972 hadi 1977.

Lakini utekelezaji nao una deni lake. Miaka hiyo ya pili ya uwaziri mkuu wake ndiyo miaka ya Operesheni Vijiji, wakati kuhamia vijijini kulipofanywa kuwa amri na mamilioni ya watu wakahamishwa, wengine wakiacha nyumba, miti na makaburi ya wazee wao. Sitaki kumtwika mtu mmoja uamuzi wa chama na serikali nzima. Amri ilitoka juu. Ninachokiona ni kundi lililokuwa na mwenye mawazo mkubwa na watekelezaji hodari, na ambalo sauti ya mpimaji ndani yake haikuwa na nafasi ya kutosha. Mtekelezaji akiambiwa jambo lifanyike, hulifanya. Kazi ya kuuliza lifanyike vipi, kwa kasi gani, na kwa gharama ya nani, ni ya mtu mwingine. Mtu huyo asipokuwepo, au akiwepo na kuogopa, deni la kundi hulipwa na watu wasiokuwemo kikaoni.

Katika riadha kuna tukio linalonikumbusha kwamba nafasi ya kusaidia haihitaji mtu mdogo. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Mkenya Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuandikwa kuwa rekodi rasmi, na sababu mojawapo ni kwamba alisindikizwa na wawekaji kasi waliopokezana njiani. Walikuwa 41. Walikimbia kwa zamu, watano mbele wakipanga umbo la V na wawili nyuma, wakimkinga na upepo na kumshikia mwendo. Miongoni mwao alikuwemo Matthew Centrowitz, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 wa mwaka 2016, na Bernard Lagat aliyewahi kuwa bingwa wa dunia. Mabingwa hao walikuja kukata upepo kwa ajili ya mtu mwingine, na hatua za mwisho wakajiweka nyuma wakimshangilia ili amalize peke yake. Walijua siku ile kiti chao ni kipi. Kipchoge naye alijua kwamba asingeweza kujikinga na upepo kwa miguu yake mwenyewe.

Sisi hatumfundishi mtoto hivyo. Shuleni tunamwuliza amekuwa wa ngapi, na wa kwanza ndiye tunayempa zawadi. Akikua, kila kikao anakiona ni darasa lenye nafasi moja ya kwanza. Hapo ndipo tunapopata kikundi cha watu kumi wanaotaka uenyekiti, huku kazi ya kupiga simu, kuhesabu viti na kumtembelea mjumbe aliyefiwa ikionekana kazi ya waliokosa.

Nina tahadhari mbili kabla sijamaliza. Ya kwanza ni kwamba nafasi inaweza kugeuka pingu. Katika ofisi nyingi mwanamke anaandika kumbukumbu na kuandaa chai miaka yote, si kwa sababu mtu alimpima na kumwona anafaa, bali kwa sababu ndivyo ilivyokuwa tangu siku ya kwanza. Mwenye sauti ndogo anabaki "mjumbe" mpaka anastaafu. Mtu hukua, na kipaji kilichokuwa katika chumba cha nne huibuka siku anapojaribishwa. Kundi lisilobadilishana viti halitakaa lijue lina mali gani.

Ya pili ni kutegea. Mhandisi wa kilimo wa Kifaransa, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913 alionyesha kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka ndivyo mchango wa kila mmoja ulivyopungua. Kwenye kundi la watu wanane, kila mtu alitoa takribani nusu ya nguvu alizotoa akivuta peke yake. Sehemu ya hasara ilitokana na kutovuta kwa pamoja, na utafiti wa baadaye ulithibitisha kwamba sehemu nyingine ni mtu kulegeza mkono akijua hatajulikana. Elimu ya vipaji ikitumika vibaya humpa mtegeaji lugha nzuri: "hiyo siyo nafasi yangu." Kumbe kujua nafasi yako kunapaswa kuzidisha wajibu, maana sasa tunajua ni kitu gani hakitafanyika kama wewe hukukifanya. Yule mama mwenye ufunguo mmoja hawezi kusema wapo wengine wawili.

Basi, msomaji, kikao chako kijacho, cha mtaa, cha ofisi, cha shule ya mtoto au cha kikundi chenu, kabla majina hayajaanza kutajwa, omba robo saa. Ulizeni kwanza kazi zilizopo ni zipi, na kila kazi inataka mtu wa namna gani. Kisha mwombe mwenzako mmoja unayemwamini akwambie kitu unachofanya kinachokisaidia kikundi, na kitu unachofanya kinachokikwamisha. Msikilize bila kujitetea, na umshukuru. Ukishajua, useme mwenyewe mbele ya wenzako: mimi hapa nafaa, pale nahitaji mtu. Maneno hayo ni machache na yanauma kidogo, lakini yanagharimu pungufu sana kuliko mwaka mzima wa kukaa kwenye kiti kisicho chako.